Mwalimu Mmoja kwa Wanafunzi Ishirini, Lakini wa Somo Gani?

Kila mwaka, Ofisi ya Rais – TAMISEMI itangazapo majina ya vijana waliochaguliwa kuingia kidato cha tano, nchi nzima huinama kusoma orodha. Kijana wa Lindi, aliyezaliwa karibu na bahari na asiyemiliki hata sweta moja, hujikuta amepangiwa Loliondo. Binti wa Rhotia hupangiwa Songea. Huu ni utaratibu mwema, nao umelijenga Taifa letu kuliko hotuba nyingi, kwa kuwa umewalaza Mmakonde na Mwiraqw katika bweni moja na kuwafanya waazimane sabuni. Hatuna nia ya kuulaumu. Tunachouliza ni jambo linalofuata baada ya orodha kutangazwa: kijana huyo afikapo huko, nani atamfundisha, nani atamwangalia usiku, na nani atamsikiliza apatapo shida?

Ukiuliza swali hilo maofisini utapewa jibu la haraka, nalo ni uwiano. Utaambiwa kwamba shule fulani ina wanafunzi 600 na walimu 30, hivyo mwalimu mmoja kwa wanafunzi 20, na kwamba hali si mbaya. Hesabu hiyo ni sahihi. Lakini yafaa tuitazame kwa makini, maana ndani yake mna upotofu mkubwa ambao wazazi wa Karatu na Ngorongoro wameubeba miaka mingi bila kuujua jina.

Tuchukue shule ya mfano, isiyo ya kata yoyote, yenye hao wanafunzi 600. Tuseme ina mikondo mitatu ya kidato cha kwanza na mitatu ya kidato cha pili, kila mkondo ukisoma Fizikia vipindi vinne kwa wiki. Hivyo ni vipindi 24. Kidato cha tatu na cha nne kuna mkondo mmoja mmoja wa sayansi, navyo ni vipindi vinane. Kidato cha tano na cha sita wapo wa tahasusi ya Fizikia, Kemia na Hisabati pamoja na wenzao wa Fizikia, Kemia na Biolojia, nao hukaa darasa moja kwa Fizikia, vipindi kumi kila kidato. Hivyo ni vipindi 20 vingine. Jumla tumepata vipindi 52. Wiki ya shule yenye vipindi vinane kwa siku ina vipindi 40. Ikiwa katika wale walimu 30 mwalimu wa Fizikia ni mmoja, basi hata akifundisha toka asubuhi hadi jioni, asile, asisahihishe, wala asiugue, vipindi 12 vitabaki bila mtu. Na uwiano, ndugu msomaji, utaendelea kusomeka mmoja kwa ishirini.

Hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Ikama ya sekondari haipimwi kwa vichwa, hupimwa kwa vipindi na kwa masomo. Wanaoshughulika na kazi hiyo wanalijua jambo hili, na miongozo yao inalijua. Asiyelijua ni mzazi, na aghalabu diwani, ambao ndio wenye haki ya kuhoji. Wao husomewa wastani wa wilaya katika kikao, hupiga makofi, na kwenda zao.

Chanzo cha mkanganyiko huu hakikuanza jana. Mwezi Novemba 1974 Chama cha TANU kilikutana Musoma na kuazimia kwamba elimu ya msingi kwa wote, iliyokuwa imetazamiwa mwaka 1989, itimizwe mapema, mwaka 1977. Walimu wa kutosha hawakuwapo. Serikali ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawafunza kazini kwa redio, kwa vitabu vya posta na kwa wakufunzi waliopanda baiskeli, na makumi ya maelfu wakaingia madarasani. Watu waliwacheka kwa kuwaita walimu wa UPE. Wengi katika waliowacheka walifundishwa kusoma nao. Miaka 30 baadaye, chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004, na hasa baada ya Ndugu Edward Lowassa kushika Uwaziri Mkuu mwishoni mwa mwaka 2005, kila kata ilitakiwa kuwa na sekondari yake. Majengo yakasimama kwa nguvu za wananchi. Walimu tena hawakutosha, na vijana wa kidato cha sita wakapewa mafunzo ya wiki chache, wakapelekwa kufundisha. Nao walipewa jina la kejeli, ambalo hatuna haja ya kulirudia.

Mtindo ni ule ule: nyumba kwanza, mwenye nyumba baadaye. Mwishoni mwa mwaka 2021, kwa fedha za mkopo wa mapambano dhidi ya Uviko-19, nchi yetu ilijenga madarasa 15,000 kwa miezi michache, 12,000 kati yake yakiwa ya sekondari. Ilikuwa kazi ya kujivunia, na Chama kina haki ya kuitaja. Januari 2022 hapakuwa na zamu mbili za kuingia kidato cha kwanza kama miaka iliyotangulia. Lakini darasa hujengwa kwa miezi mitatu, na mwalimu wa shahada hujengwa kwa miaka mitatu. Utepe hukatwa siku moja. Hatujapata kuona utepe ukikatwa kwa sababu mwalimu wa Hisabati ameripoti.

Wala tusijidanganye kwamba nchi haina walimu. Mwanzoni mwa mwaka 2025, kwa nafasi za ualimu zipatazo 14,600, waliojitokeza kuomba walizidi laki mbili. Vijana waliohitimu vyuo, wengine wakiwa wamekaa mtaani miaka sita au saba, wanauza mitumba na kuendesha bodaboda huku wakitunza vyeti vyao ndani ya mifuko ya nailoni. Ni kweli kwamba wengi kati yao ni wa masomo ya sanaa. Tunakumbuka kwamba kuanzia mwaka 2017 Serikali ililazimika kuwahamishia baadhi ya walimu wa sanaa wa sekondari katika shule za msingi, kwa kuwa walikuwa wa ziada huku Fizikia na Hisabati zikilia njaa. Hata hivyo wa sayansi nao wamo katika laki mbili hizo. Tatizo basi ni mambo mawili yaliyoshikana: bajeti ya kuajiri, na namna ya kumfikisha na kumkalisha mwalimu pale anapohitajiwa.

Hili la kumkalisha ndilo linalozigusa wilaya zetu mbili kwa namna ya pekee, nalo linastahili kuelezwa kwa kirefu.

Karatu na Ngorongoro ni majirani wasiofanana. Kwa sensa ya mwaka 2022 kila moja ina watu zaidi ya 270,000. Karatu ina udongo mwekundu wa ngano, mbaazi na ngwara. Kule Mang'ola ina vitunguu vya umwagiliaji visivyokatika mwaka mzima. Ina barabara ya lami kutoka Makuyuni, na mji uliokua kwa biashara ya wageni. Mwalimu apangiwapo Karatu mjini huona amebahatika. Shida yake Karatu ni ya namna nyingine: mwalimu mzuri wa Kiingereza hutupiwa jicho na hoteli na kampuni za watalii, na shule iliyo Baray au Endabash humtazama akipita kwenda mjini. Msawazo wa walimu ndani ya wilaya hiyo hiyo moja ni vita vya kila mwaka. Wastani wa wilaya unaweza kupendeza huku shule za bonde la Eyasi zikikodi vijana wa kujitolea kwa michango ya wazazi.

Lami inafika hadi lango la Lodoare. Ukilipita unaingia wilaya nyingine na sheria nyingine. Wilaya ya Ngorongoro ilianzishwa mwaka 1979, nayo makao yake yako Loliondo, mbali na sisi kwa njia ya vumbi inayopita kando ya kreta, Olduvai na mbuga, au kwa njia ya Mto wa Mbu, Engaruka na Ziwa Natron. Sehemu yake kubwa, kilometa za mraba 8,292, ni Eneo la Hifadhi lililotengwa na Serengeti mwaka 1959, ambamo wafugaji waliruhusiwa kuishi pamoja na wanyamapori. Humo zimo shule za sekondari kama Embarway na Nainokanoka, katika baridi ya milimani ambako asubuhi huwezi kuona bendera iliyo juu ya mlingoti kwa ukungu. Mwanafunzi wa kutwa huko haogopi kuchelewa namba, anaogopa nyati.

Sasa fikiria hali ya mwalimu. Ndani ya Hifadhi huwezi kujenga nyumba upendavyo, kwa kuwa ujenzi wahitaji kibali cha Mamlaka. Huwezi kupanga chumba kwa kuwa vyumba vya kupanga ni haba. Huwezi kulima: kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa kwa muda mwaka 1992, na kikazuiwa tena mwaka 2009. Mahindi ya ugali wake hupanda mlima kwa lori kutoka Karatu, na bei nayo hupanda pamoja na lori. Mwenzake aliyepangiwa Mbulumbulu, kwa mshahara ule ule, hulima nusu ekari ya maharage nyuma ya nyumba, na ifikapo Julai ana gunia la akiba. Tukisema kwamba walimu hawa wawili wanalipwa sawa tunasema jambo ambalo tarishi yeyote wa wilaya angelicheka.

Hapa pana jambo ambalo hatujasikia likizungumzwa kikaoni. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliotaka kila shule iwe pia shamba, ijilishe kadiri iwezavyo, na mwanafunzi asijione mgeni katika kazi za wazazi wake. Shule iliyo ndani ya Hifadhi haiwezi kutii hilo hata ikitaka. Haina haki ya mche mmoja wa mhindi. Kwa hiyo shule hiyo imeondolewa, kwa sheria halali, nguzo ambayo shule nyingine zote za Tanzania huiegemea fedha ichelewapo. Waraka wa elimu bila malipo wa mwaka 2015, ulioanza kutumika Januari 2016, uliweka shilingi 1,500 kwa siku kwa chakula cha mwanafunzi wa bweni. Ukigawa kwa milo mitatu ni shilingi 500 kwa mlo. Mkuu wa shule ya Karatu huziba pengo kwa gunia la mahindi ya shule. Mkuu wa shule aliye Hifadhini aliziba kwa nini? Haki ingetaka apewe fidia ya shamba asiloruhusiwa kuwa nalo, na fidia hiyo itoke katika mapato ya eneo lile lile lililomnyima shamba. Mamlaka ya Hifadhi hukusanya fedha nyingi za wageni kila mwaka, nayo si ngeni kwa elimu. Kwa miaka mingi fedha zilizopitia Baraza la Wafugaji zilisomesha vijana wa kifugaji hadi vyuo vikuu. Karo zililipwa. Nyumba za walimu hazikuongezeka kwa kasi ya karo.

Uwiano wa pili, ambao hautajwi kabisa, ni ule wa watu wasiofundisha: matroni, patroni, mnasihi, muuguzi, mpishi, fundi sanifu wa maabara, mlinzi. Shule ya bweni huishi kwa watu hawa. Katika sekondari zetu nyingi zilizoanza kuwa za kutwa, kisha zikajengewa hosteli, kisha zikapandishwa kuwa za kidato cha tano na sita, ikama ya watu hawa haikupanda pamoja na jina la shule. Matroni ni mwalimu wa kike aliyeongezewa funguo. Mchana ana vipindi 28, usiku ana mabinti 200, na kwake nyumbani ana watoto wake. Maabara imejengwa, lakini asiyekuwapo ni mtu wa kuandaa kemikali, hivyo mwalimu wa Kemia huacha darasa moja ili atayarishe la pili.

Kuhusu unasihi, miongozo ya Wizara imekuwa ikitaka shule ziwe na walimu wa ushauri na unasihi, wa kike na wa kiume. Ni mwongozo mzuri. Lakini mwalimu aitwaye mnasihi hupewa cheo hicho juu ya vipindi vyake vyote, bila chumba na bila saa. Na mashauri yanayomngoja si ya kuchezea. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wasichana waliokatiza masomo, pamoja na waliojifungua, waruhusiwe kurudi. Sheria ya mwaka 1998 ilikwisha kuharamisha ukeketaji wa watoto, na marekebisho ya mwaka 2016 yakaweka kifungo cha miaka 30 kwa amwoaye au ampaye mimba mwanafunzi. Sheria zote hizo zina lango moja: mtoto aseme. Binti wa kidato cha pili ajuaye kwamba likizo ya Desemba imepangiwa shughuli nyingine nyumbani atamwambia nani? Hawezi kumwambia mtu anayepita mbio na rundo la madaftari.

Wale tuliopitia chuoni kabla ya kuingia shule ya Serikali tunakumbuka utaratibu mmoja. Watoto arobaini walikaa jamvini, na kila mmoja alikuwa na mahali pake katika msahafu: huyu anahangaika na alifu, yule amefika Juzuu Amma. Mwalimu hakuuliza darasa zima kama limeelewa. Kila mtoto alisogea mbele yake kwa zamu, akasoma, naye akasikiliza. Na kwa kuwa peke yake hakutosha, wakubwa waliwasikiliza wadogo kabla ya wadogo kumfikia yeye. Bakora zilikuwapo, hatusemi kilikuwa kijiji cha peponi. Lakini haikupita siku mbili mtoto hajasikilizwa na mtu. Hicho ndicho kipimo tungependa kukiona kikiulizwa kuhusu sekondari zetu: mwanafunzi wa kidato cha tano hupitisha siku ngapi bila mtu mzima yeyote kulisikia jibu lake, la Hisabati au la maisha yake?

Kwa kijana wa wilaya hizi swali hilo lina uzito zaidi, kwa sababu anapoingia sekondari huwa ana lugha mbili tayari. Nyumbani ni Kiiraqw, Kimaasai, Kidatoga, Kisonjo au Kihadza. Shule ya msingi ni Kiswahili. Kidato cha kwanza anakutana na Kiingereza kikimfundisha Biolojia. Mtoto huyo hawezi kufidiwa na wastani wa mmoja kwa ishirini uliopigwa kwa hesabu ya mtoto wa Arusha mjini.

Imebaki hoja moja nyeti, nasi hatutaikwepa. Tangu Juni 2022 kaya kadhaa za Hifadhini zimehamia Msomera, wilayani Handeni, na Agosti 2024 wananchi wengi walijitokeza barabarani Ngorongoro wakidai huduma zao na haki yao ya kupiga kura. Makala haya hayakusudii kuliamua shauri hilo. Yanasema hivi tu: madhali shule iko wazi na mtoto yuko darasani, ikama yake isipunguzwe kwa hesabu kwamba huenda kesho hatakuwapo. Mwanafunzi wa kidato cha tatu hana miaka ya kusubiri wakubwa wamalize mazungumzo. Mtihani wake una tarehe. Kumnyima mwalimu wa Hisabati leo ni kumhamisha bila gari.

Tumesikia ikisemwa na wenzetu wa Chama kwamba kuyaeleza mambo haya gazetini ni kuwapa silaha wapinzani. Karatu ilikuwa na mbunge wa upinzani kuanzia mwaka 1995 hadi mwaka 2020, robo karne nzima, na kisha ikarudi kwetu. Katika nyakati zote mbili kipindi kisicho na mwalimu kilikuwa kimya kile kile. Aliyeumia hakuwa na kadi ya chama chochote, kwa kuwa umri wake haukumruhusu.

Yanayoweza kufanyika bila kungoja bajeti mpya yapo. Kila sekondari ibandike katika ubao wa matangazo karatasi moja inayoonyesha, somo kwa somo, vipindi vinavyotakiwa kwa wiki na vipindi vyenye mwalimu. Mwalimu apangiwaye kata ya mbali apewe barua yenye namba ya nyumba ndani yake, si barua tupu. Na palipo Hifadhini, Mamlaka na Halmashauri zikae pamoja kutoa vibali vya nyumba za walimu kwa mkupuo, si moja moja. Mwalimu aliyefanywa matroni au mnasihi apunguziwe vipindi nusu, na upungufu utakaojitokeza uandikwe kama upungufu, ili uonekane. Mwaka 2024 tahasusi ziliongezwa zikafika 65. Basi shule isikubaliwe kufungua tahasusi mpya kabla mkuu wake hajataja, kwa somo, nani ataifundisha.

Madiwani wa wilaya zote mbili hupokea taarifa ya elimu kila robo mwaka. Katika kikao kijacho, Afisa Elimu Sekondari atakapofika kwenye ukurasa wa uwiano, diwani mmoja tu anyooshe mkono na kuomba asomewe ukurasa wa vipindi.